Seli za Mama katika Ini la Mtoto: Ufafanuzi wa Nadharia Moja ya Kuziba kwa Mirija ya Nyongo, kwa Kurejelea Laela, Mkoa wa Rukwa

Inaposemwa kwamba ugonjwa wa ini wa mtoto unahusiana na mama yake, msomaji wa Tanzania hufikiria kwanza homa ya ini aina B, yaani kirusi kinachoweza kumpata mtoto wakati wa kuzaliwa. Makala haya yanahusu jambo jingine: seli hai za mama zinazopita kwenye kondo la nyuma wakati wa ujauzito na kubaki mwilini mwa mtoto. Hali hiyo, iitwayo maikrokimerizimu, si ugonjwa. Huonekana hata kwa watu wenye afya, na utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 1999 ulizikuta seli hizo kwa watu wazima.

Mirija ya nyongo ya mtoto mchanga inapoziba kwa kovu, nyongo hukwama na ini huharibika. Tangu mwaka 2004, tafiti za Marekani na Japani zimeripoti seli za mama katika maini ya watoto wa aina hiyo kwa wingi kuliko katika maini ya kulinganishia. Kwa mtoto wa kiume utambuzi ni rahisi, kwani seli yenye kromosomu X mbili haitarajiwi kuwa yake. Tafsiri ndiyo ngumu. Huenda seli za mama huishambulia mirija. Huenda kinga ya mtoto huzishambulia zenyewe. Huenda zimekuja kukarabati. Anayekutwa penye shamba linaloungua huenda alikuja kuzima moto. Uchambuzi wa mwaka 2012 uliongeza utata wenye manufaa: watoto hao walipopandikizwa sehemu ya ini la mama, ini hilo lilishindwa mara chache kuliko la baba, kana kwamba mwili ulikwisha kulizoea.

Kwa hiyo neno “maambukizi” halifai hapa, na mama asielezwe kwamba seli zake zimemdhuru mwanawe. Vilevile, macho ya manjano yasichanganywe na homa ya manjano, ambayo ni ugonjwa tofauti kabisa.

Kwa mtoto wa Laela, mjadala huo haubadilishi tiba. Siku ndizo zinazoibadilisha. Upasuaji aliouasisi Morio Kasai wa Japani, uliochapishwa mwaka 1959, huunganisha utumbo moja kwa moja na ini, na hufanikiwa zaidi ukifanywa kabla ya siku ya 60. Dalili ni umanjano unaozidi wiki 2, mkojo wa rangi nzito na kinyesi cheupe kama chokaa. Chanjo za wiki ya 6 humleta mtoto kliniki akiwa na siku 42, na hapo swali kuhusu rangi ya kinyesi halihitaji maabara. Likiulizwa, zinabaki siku 18 za kutoka Laela hadi Sumbawanga, kisha hadi kwa madaktari bingwa wa upasuaji wa watoto, ambao kwa Muhimbili ni mwendo wa zaidi ya kilomita 1,000.