Kamera Hugundua Mwendo, Haitambui Mtu

Anayeandika au kutafsiri mwongozo wa kuunda mfumo mdogo wa ulinzi kwa kamera ya kompyuta hukutana mapema na vitenzi viwili vinavyokaribiana: *kugundua* na *kutambua*. Katika mazungumzo ya kawaida hupokezana bila madhara. Katika mwongozo wa ulinzi, kukosea kimoja kwaweza kumponza mtu.

*Kutambua* ni kumjua mtu au kitu kuwa ndicho fulani. Mama humtambua mwanawe kwa sauti. Shahidi humtambua mshukiwa katika gwaride la utambulisho. *Kugundua* ni kubaini jambo lililokuwa halijulikani. Mwenye nyumba aweza kugundua kwamba mlango umefunguliwa, asijue nani aliyeufungua.

Kitenzi kinachofaa huonekana katika utendaji wa mfumo wenyewe. Vinahitajika kompyuta, kamera na programu. Kamera hufungwa mahali imara, ikaelekezwa mlangoni badala ya dirishani penye mwanga unaobadilikabadilika. Hutoa mfululizo wa picha tuli ziitwazo *fremu*. Fremu yenye upana wa 640 na urefu wa 480 ina pikseli 307,200. Programu huigeuza kuwa ya kijivu, huilainisha ili kupunguza chengachenga, kisha hulinganisha kila pikseli na ile ya mahali palepale katika fremu iliyotangulia.

Hapa huingia neno *kizingiti*. Kama ilivyo kwa kizingiti cha mlango, kisichovukwa hakihesabiwi. Tofauti ndogo ya mwangaza hupuuzwa. Ikivuka kizingiti, pikseli huhesabiwa kuwa imebadilika. Idadi ya pikseli zilizobadilika nayo ina kizingiti chake. Ikikivuka, picha huhifadhiwa na arifa hutumwa. Katika programu huria iitwayo Motion, kizingiti hicho huanzia pikseli 1,500, yaani chini ya nusu asilimia ya fremu iliyotajwa. Kikishushwa mno, pazia likipepea ni arifa. Kikipandishwa mno, mtu hupita kimya.

Katika hatua zote hizo hakuna inayouliza *nani*. Taa ikiwashwa, paka akikatiza au buibui akitambaa juu ya lenzi, hesabu ni ileile. Kwa hiyo istilahi inayofaa ni *ugunduzi wa mwendo*. *Msogeo* nao waeleweka, ila *mwendo* umekwisha kuzoeleka katika somo la fizikia. *Harakati* lisitumiwe hapa, kwa kuwa siku hizi hubeba zaidi maana ya pilikapilika na mapambano ya kijamii.

*Utambuzi* una mahali pake. Programu inayolinganisha uso ulio mbele ya kamera na nyuso zilizohifadhiwa kwa majina hufanya *utambuzi wa nyuso*, hata kama matokeo yake huweza kuwa na makosa. Vilevile, kifaa kinachopokea joto la mwili kwa miale ya infraredi huitwa *kihisi*, na kitenzi chake ni *kuhisi*.

Uzito wa uteuzi huu huonekana katika arifa. Linganisha:

(a) *Mwizi ametambuliwa mlangoni.*
(b) *Mwendo umegunduliwa mlangoni, saa 8:14 usiku.*

Sentensi zote mbili zaweza kutokana na hesabu moja ya pikseli. Ya kwanza imekwisha kutoa hukumu. Ya pili inamwachia msomaji kazi ya kutazama picha. Arifa husomwa na mtu aliyeamshwa usingizini, pengine katika mtaa ambako ukelele wa "mwizi!" hukusanya umati kabla ya swali la kwanza kuulizwa. Jirani aliyepita kwenda kuchota maji asibebeshwe jina hilo na mfasiri.

Kwa muhtasari: mashine ikilinganisha fremu, andika *kugundua*, ikilinganisha nyuso na majina, andika *kutambua*, na neno *mwizi* lisiingizwe katika arifa ya mashine.