Picha moja tu inatosha: namna gani tundu la kivinjari linazibwa

Kila mara tunaposema kwenye antena kwamba watu wafanye sasisho la programu za simu, ile wengi tunaita «mise à jour», jibu linalorudi ni lile lile: «Ile inakula mega zetu bure.» Na ni kweli, mega ni bei. Basi tumeona heri tueleze polepole hizo mega zinanunua nini, kwa kufuata kisa kimoja cha mwaka 2023 ambacho hatua zake zinajulikana.

Kwanza tuelewane juu ya kivinjari. Ni ile programu unayofungulia kurasa za intaneti: Chrome, Firefox, Opera, Edge, Safari. Hapa kwetu wengi wanasema tu «fungua Google». Kazi yake ni ngumu kuliko inavyoonekana, sababu kutwa kucha inapokea vitu kutoka kwa watu isiowajua: maandishi, picha, video, hata programu ndogo-ndogo zinazotembea ndani ya ukurasa. Iko kama mlinzi wa mlango ambaye hana haki ya kumkataa mgeni. Kila kifurushi kinachofika, anapaswa kukifungua ili amuonyeshe mwenye nyumba kilichomo.

Tarehe 6 mwezi wa tisa 2023, Google ilipokea ripoti iliyotoka kwa kikosi cha usalama cha Apple pamoja na Citizen Lab. Hii ya pili ni maabara ya Chuo Kikuu cha Toronto, kule Kanada, inayochunguza namna watetezi wa haki za binadamu na waandishi wa habari wanavyopelelezwa kupitia simu zao. Citizen Lab ilikuwa imekagua iPhone ya mfanyakazi wa shirika moja la kiraia lenye makao Washington. Ndani yake walikuta Pegasus, programu ya upelelezi ya kampuni ya NSO Group ya Israeli. Mwenye simu hakubofya kitu. Alitumiwa ujumbe wenye picha zilizotengenezwa kwa ubaya, basi, ikatosha.

Shida ilikuwa katika kusoma picha za aina ya WebP. Google ilitangaza aina hiyo mwaka 2010 ili picha ziwe nyepesi na kurasa zifunguke upesi. Yaani kitu chenyewe kilitengenezwa kutupunguzia mega! Vipande vya programu vinavyosoma picha hizo viliwekwa karibu kila fasi: katika Chrome, Firefox, Edge, Opera, katika Android yenyewe, na katika programu nyingi za kutumiana ujumbe. Fundi mmoja ameandika, wengine wote wameazima. Kosa likiwa mule, wote wanalo.

Na kosa lenyewe lilikuwa hivi. Kumbukumbu ya simu iko kama soko lenye meza zilizopangwa moja kando ya ingine. Picha ya WebP imekandamizwa, na ili kuikunjua, programu inatengeneza jedwali: alama hii ina maana hii, alama ile ina maana ile. Walioandika programu walihesabu mapema ukubwa wa mwisho ambao jedwali linaweza kufikia, wakalitengea meza ya kiasi hicho. Kwa picha ya kawaida, hesabu ni sawa. Lakini mtu mwerevu anaweza kuunda picha ya uongo, yenye maagizo ambayo hakuna kamera ao programu ya kawaida ingeyatoa. Jedwali linapita meza yake, mali inamwagikia kwenye meza ya jirani. Na huyo mwizi ndiye anayechagua ni kitu gani kimwagike pale. Akipanga vizuri, simu inaanza kufuata maagizo yake.

Kwa kivinjari, ile peke yake haimalizi kazi. Chrome inafungia kurasa katika vyumba vyake, mbali na mafaili yako. Aliyeingia chumbani bado anatafuta tundu la pili la kutokea. Lakini wezi wakubwa wanaunganisha matundu, wanatumia mawili ao matatu kwa mpigo.

Sasa, kuziba. Fundi akipata ripoti, anatafuta kwanza kulirudia kosa yeye mwenyewe mbele ya macho yake, sababu usichoweza kukirudia huwezi kuhakikisha umekitengeneza. Kisha anaandika rekebisho. Hapa halikuwa refu sana: programu ihesabu kwanza jedwali litachukua nafasi gani, ndipo ilijaze. Fundi mwingine analisoma, mashine zinalijaribu kwenye picha nyingi ili kuona kama halikuvunja kitu kingine. Apple ilitoa sasisho lake tarehe 7. Chrome ilifuata tarehe 11, Firefox tarehe 12. Siku sita tangu ripoti ifike Google. Kwa kazi ya namna hiyo, ni mbio.

Kuna jambo lingine ambalo wengi hawalijui. Kampuni zikitangaza rekebisho, zinaficha maelezo mpaka watu wengi wawe wamelipokea. Google iliandika wazi tu kwamba tundu hilo lilikuwa tayari linatumiwa na washambulizi. Lakini maandishi ya ndani ya Chrome na Firefox kwa sehemu kubwa yako wazi kwa kila mtu. Mwenye ujuzi analinganisha ya jana na ya leo, anaona kilichobadilika, anakisia tundu lilikuwa wapi. Kwa hiyo dawa yenyewe inaonyesha ugonjwa. Tangu siku ile, asiyefanya sasisho yuko katika hatari kubwa kuliko mbele, sababu hata wezi wadogo wameshapata ramani. Njo maana tangu mwezi wa nane 2023 Google ilianza kutoa masahihisho ya usalama ya Chrome kila juma, badala ya kila majuma mawili. Inataka kupunguza hizo siku za katikati.

Siku hizo ndizo zinatuhusu sisi. Simu nyingi za Android zimepangwa kusasisha programu zenyewe kupitia Wi-Fi tu. Mwenye Wi-Fi nyumbani hajui hata kama kuna kazi inafanyika usiku. Mwenye mega za kununua asubuhi na kuisha jioni, simu yake inangoja Wi-Fi isiyokuja, mwezi kwa mwezi. Hakuna aliyemnyima kwa makusudi. Mpango tu ulifanywa na watu wenye Wi-Fi. Anayeweza kwenda fasi yenye Wi-Fi mara moja kwa juma, hata kwa dakika chache, afungue Play Store, aanze na kivinjari, kisha programu za ujumbe. Zingine zinaweza kungoja. Na programu tunazopitishiana kwa Bluetooth sokoni mara nyingi ni za zamani, hata kama kwako ni mpya.

Kwenye kompyuta kuna mtego mwingine: Chrome inashusha sasisho yenyewe, lakini halianzi kazi mpaka ufunge kivinjari na kukifungua tena. Katika cyber moja ninayoijua, kurasa zilikuwa wazi tangu majuma, na alama ya sasisho ilikuwa pale juu, kila mteja anaiona, hakuna anayeigusa.

Kuhusu vifaa vya zamani, habari si nzuri kwa wote. Kwenye Windows 7, Chrome ilisimama kwenye toleo la 109, mwanzoni mwa 2023. Kwenye Android 7, ilisimama kwenye la 119. Mashine inawaka, kurasa zinafunguka, lakini matoleo mapya hayaingii tena. Firefox iliendelea kuhudumia Windows 7 kwa toleo lake la muda mrefu linaloitwa ESR 115, na rekebisho la WebP liliingia humo tarehe ile ile 12. Mwenye cyber bado iko na Windows 7, akiweka hiyo, atakuwa amezibiwa angalau tundu hili bila kununua kompyuta mpya.