Subira na Nidhamu katika Mchezo wa Poka wa Mtandaoni

Makala haya yananuia kufafanua maana ya subira na nidhamu katika mchezo wa karata uitwao poka, hasa unapochezwa kwa njia ya intaneti. Huenda msomaji akastaajabu kuikuta mada hii katika jarida la Kiswahili. Hata hivyo, anayepita usiku katika mabweni ya Njoro au vyumba vya kupanga vya Nakuru ataona simu nyingi zikimulika, na si wote wanaosoma riwaya. Isitoshe, karata zimo katika lugha yetu tangu kale. Majina shupaza, kopa, uru na pau yalitokana na Kireno, sawa na neno turufu, na leo ni nadra uchaguzi wa Kenya kupita pasipo mwanasiasa kuambiwa ana “karata ya turufu”.

Katika aina ya poka iliyoenea zaidi mtandaoni, kila mchezaji hupewa karata mbili za siri, kisha karata tano za wote huwekwa wazi kwa hatua. Katika kila hatua mchezaji aweza kuweka dau, kulipandisha au kuziacha karata zake. Hapo ndipo subira inapohitajika. Karata mbili zaweza kupangika kwa njia 1,326, na jozi ya ree, ambayo ndiyo bora kuliko zote, ni njia 6 tu kati ya hizo. Kwa wastani, jozi hiyo humjia mchezaji mara moja katika migao 221. Anayegawiwa mara 60 kwa saa atangoja zaidi ya saa tatu na nusu. Mchezaji stadi, basi, huziacha karata nyingi kuliko anazozicheza. Mkulima wa Molo hapandi viazi kwa sababu tu ameona wingu moja juu ya Mau.

Ikumbukwe kwamba subira hii si kuingojea bahati. Wacheza kamari hupenda kujiliwaza kwa methali “subira yavuta heri”, ilhali subira ya poka ni ya hesabu. Tuchukue mfano. Mchezaji ana karata nne za kopa na anahitaji ya tano ili ashinde. Karata asizoziona ni 47, na kopa zilizosalia ni 9. Kwa hiyo karata ifuatayo itamfaa takriban mara moja katika tano. Mezani pana shilingi 200, naye anatakiwa kutoa 100 ili aione. Akitoa mara tano, atapoteza 100 mara nne na kupata 200 mara moja: hasara ya shilingi 200. Ikiwa hakuna zaidi ya kuvuna baadaye, mwenye nidhamu huziacha karata hizo, hata moyo ukimwambia kwamba kopa i njiani.

Nidhamu hujaribiwa zaidi pale aliyecheza vyema anaposhindwa. Jozi ya ree ikikabiliana na jozi ya mfalme, hushindwa takriban mara 18 katika 100. Aliyefikwa na hayo hushikwa na hamaki, akahamia meza ya dau kubwa ili alipize. Intaneti huichochea hamaki hiyo. Hakuna muda wa kuzichanganya karata, meza kadhaa zaweza kufunguliwa kwa pamoja, na tangu M-Pesa ianze mwaka 2007 fedha hutumwa bila mtu kuinuka kitandani. Zamani aliyefilisika alilazimika walau kutembea hadi nyumbani, na njiani hasira ikapoa.

Hapa Nakuru tuna ushahidi wa mchezo wa aina nyingine. Katika kilima cha Hyrax Hill, ambako Mary Leakey alifanya uchimbuzi mwaka 1937 na 1938, kuna safu za vishimo vya bao vilivyochongwa mwambani. Katika bao la Waswahili, lenye mashimo 32 na kete 64, mchezo hauna bahati ya mgao. Anayeshindwa hana wa kumlaumu. Poka, kwa upande wake, humficha mchezaji makosa yake. Mzembe hushinda usiku mmoja na kujiona fundi, naye mwangalifu hushindwa mwezi mzima. Ndiyo maana wanaoucheza kwa makini huandika daftarini kila shilingi iliyotoka na iliyoingia, na huweka kando fedha za mchezo zisichanganyike na karo wala mkopo wa masomo. Kwa maoni yangu, mwanafunzi asiye na fedha za kuweka kando hana anachokitafuta mezani.

Mwenye meza naye hachezi. Hukata ada katika fedha zinazoshindaniwa. Tuseme wachezaji sita wameketi, kila mmoja na shilingi 1,000, na kwamba kila mgao una shilingi 200 zinazokatwa asilimia 5. Hizo ni shilingi 10 kila mara. Baada ya migao 100, ambayo mtandaoni haifiki saa mbili, shilingi 1,000 zimekwisha ondoka. Mtaji mzima wa mchezaji mmoja umemwendea mwenye meza, hata kama wote sita wamecheza kwa subira isiyo na dosari.