Ni Nani Huyu Kwenye Sarafu?

Ukiitazama sarafu ya shaba ya Wagiriki wa kale, aghalabu utaona kichwa cha mungu upande mmoja, nembo ya mji upande wa pili, na pembeni jina la mtu. Huyo si mfalme. Mara nyingi ni ofisa wa mji tu. Mbona basi aandikwe kwenye pesa?

Tuanze na shaba yenyewe. Sarafu ya fedha ilikubalika hata mbali, maana ungeipima kwa mizani. Shaba ilikuwa pesa ya sokoni, ya kununulia vitu vidogo vidogo. Ilihesabiwa kuwa na thamani kuliko madini yake, na ile tofauti ikawa faida ya mji. Kumbe iliishi kwa kuaminiwa tu! Ukivuka nayo hadi mji mwingine, pengine mwenye duka atakucheka.

Ushahidi mzuri ni jiwe la Sestos, mji uliokuwa kando ya mlango-bahari wa Dardanelles, Uturuki ya leo. Lilichongwa karne ya 2 K.K. kumsifu raia aitwaye Menas. Lasema wananchi waliamua kutumia shaba yao wenyewe ili alama ya mji wao itumike, na faida iwaingie wao. Wakamchagua Menas na mwenzake kuisimamia kazi hiyo. Walichaguliwa, hawakujipachika.

Huko Smyrna, ndiyo Izmir ya leo, shaba zilichorwa malenga Homer ameketi, zikaitwa Homereion, na jina la ofisa likawa papo hapo. Baadaye, chini ya Warumi, jina lilitanguliwa na neno "epi", yaani wakati wa fulani, pengine na cheo chake, kama karani wa mji. Wakati wa Kaisari Hadrian (117–138), sarafu nyingine za Smyrna zilitangaza kwamba Polemon ndiye aliyewatolea watu wa mji. Hapo naona majivuno kidogo!

Wataalamu wanabishana: je, majina yalionyesha mwaka, heshima au wajibu? Mimi nashikilia wajibu. Pesa isiyojitosha kwa madini yake humfanya mtu aulize abishe mlango wa nani ikiharibika. Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 231, imekataza picha ya mtu yeyote kwenye noti na sarafu. Lakini hebu itoe noti mfukoni uitazame vizuri: sahihi ya Gavana wa Benki Kuu imo.