Matatu Inapozima Njiani: Angalia Waya Kabla ya Kufungua Pampu

Kutoka Lodwar hadi Kakuma ni takribani kilomita 120, na wanaosafiri humo kwa matatu za zamani wanaijua adha hii. Gari hutoka stendi likivuta vizuri, kisha katikati ya safari injini inazima ghafla. Abiria wanashuka kutafuta kivuli. Baada ya nusu saa dereva anapiga stata na injini inawaka kama kwamba haikuwa na tatizo lolote. Makanika wa kwanza kuulizwa husema pampu ya dizeli imekufa. Basi pampu inafunguliwa, vipuri vinaagizwa Kitale, pesa zinakwenda, na safari inayofuata gari linazima tena.

Mara nyingi ugonjwa uko kwenye umeme.

Dizeli haiwashwi na plagi za spaki, ndiyo maana wengi huamini kwamba injini yake ikishanguruma haihitaji stima tena. Kwa Toyota HiAce ya umbo lililotoka mwaka 1989 na kupokewa na jipya mwaka 2004, ile yenye injini ya 3L ya lita 2.8, imani hiyo inapotosha. Kwenye pampu yake kuna solenoidi ndogo yenye waya mmoja tu. Ikipata umeme hufungua njia ya dizeli. Ikiukosa, njia inafungwa na injini inakufa. Ukifungua swichi bila kupiga stata, solenoidi nzima hutoa mlio mfupi: tik. Mlio huo ukikosekana wakati gari limegoma barabarani, waya ndio wa kufuatwa kwanza.

Kwa nini hitilafu hujitokeza injini ikipata moto na kutoweka ikipoa? Mchana wa Lodwar hufikia nyuzi 35 karibu mwaka mzima, na injini ya HiAce imefungiwa chini ya viti vya mbele, mahali ambapo joto halina pa kutokea. Upinzani wa waya wa shaba huongezeka kwa karibu asilimia 4 kila joto linapopanda nyuzi 10. Koili ya solenoidi ikitoka nyuzi 30 hadi 100, upinzani wake huwa umepanda kwa zaidi ya robo, na sumaku yake inalegea. Hilo peke yake gari hulistahimili. Likikutana na teminali yenye kutu na alteneta iliyochoka, injini inazima. Koili ya spaki katika matatu za petroli nayo huonyesha dalili kama hizo, kwa hiyo ipimwe ikiwa bado moto.

Mshukiwa anayesahaulika kuliko wote ni waya wa ardhi. Inua kiti, mulika kwa tochi, utafute ule mkanda wa nyuzi za shaba zilizosukwa unaounganisha injini na bodi. Kwenye gari lililotikiswa miaka mingi, kabla lami mpya haijafika Turkana, nyuzi huwa zimekatika moja moja na kichwa cha boliti kimefunikwa na unga wa kijani. Weka ncha moja ya multimita kwenye hasi ya betri na nyingine kwenye chuma kitupu cha injini, kisha mtu apige stata. Ikisoma zaidi ya nusu volti, safisha kwa msasa au ubadilishe mkanda.

Betri iliyojaa, gari likiwa limezimwa, husoma karibu volti 12.6, injini ikinguruma isome kati ya 13.8 na 14.4. Joto hukausha maji ya betri upesi. Yaongezwe maji safi ya betri tu, kamwe si ya kisima, kwa kuwa chumvi zake huiua betri.

Kuna jambo jingine ambalo ni la matatu za Kenya hasa. Kanuni za Waziri John Michuki, zilizoanza kutekelezwa mwaka 2004, zililazimisha vidhibiti mwendo vya kilomita 80 kwa saa. Vifaa hivyo viliunganishwa kwa kukata nyaya za gari, na vingine hupitia waya uleule wa solenoidi au koili. Kiungo kilichosokotwa kwa vidole na kufungwa utepe hulegea. Kidhibiti kibaki mahali pake kisheria, lakini kila kiungo kilehemiwe kwa risasi, kifunikwe, na kiwekwe mbali na ekzosi.

Mafundi wengine huvuta waya wa moja kwa moja kutoka betri hadi solenoidi ili gari lifike nyumbani. Bila fyuzi waya huo unaweza kuwasha moto ndani ya gari lililojaa watu, na si tiba.

Mwenye matatu, fundi akikwambia pampu imekufa, mwambie apime kwanza umeme kwenye solenoidi wakati ule ule injini imezima na bado ni moto. Multimita ya kawaida inatosha, na kipimo chenyewe ni cha dakika chache.