Vipande vya udongo na mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati

Wengi wetu tulijifunza hesabu za ujazo kwa kanuni ya ubaoni: tuliikariri, tukafaulu mtihani, tukaisahau. Na vijana wetu wa Jumamosi tulijaribu njia nyingine.

Tuliwagawa katika vikundi vya watano watano. Kila kikundi kilifinyanga vipande 27 vya udongo, vyenye nyuso sita sawasawa kama dadu. Vilipokauka tuliuliza: tukijenga umbo lile lile, lakini kila upande uwe mara mbili, tutahitaji vipande vingapi? Karibu wote walijibu viwili. Hatukuwasahihisha, tuliwaacha wajenge. Vilihitajika 8. Kwa upande mara tatu, vyote 27 viliisha.

Kisha wakahesabu nyuso zinazoguswa na hewa. Hapo vikundi viligombana, na ugomvi huo ulifundisha kuliko sisi, maana wengine walihesabu hata nyuso zilizofichwa ndani. Mwisho walikubaliana: kipande kimoja kina nyuso 6, umbo la vipande 8 lina 24, la vipande 27 lina 54. Ujazo umeongezeka mara 27, lakini uso mara 9 tu. Kipande kilicho peke yake kina nyuso 6 nje. Katika umbo kubwa, ukigawa sawa, kila kipande kinapata 2.

Tukauliza: joto la mwili hupotelea wapi? Hasa kwenye ngozi. Basi mtoto mchanga, mwenye ngozi nyingi kwa uzito wake mdogo, hupoa upesi kuliko mama yake, na aliyezaliwa kabla ya wakati hupoa zaidi, kwa sababu hana mafuta ya kutosha chini ya ngozi. Ndiyo maana wauguzi humlaza kifuani mwa mama, ngozi kwa ngozi, na kumvika kofia. Njia hiyo ilianzia Bogotá, Kolombia, mwishoni mwa miaka ya 1970, mashine za kuwapa watoto joto zilipokuwa chache.

Kijana mmoja alichukua kipande kimoja akakibandika kwenye umbo kubwa. Uso wake mmoja ukafichwa. Akanyamaza kidogo, kisha akatuambia kwamba dada yake amejifungua kabla ya wakati, na bibi anataka mtoto aogeshwe kila asubuhi, baridi ikiwa bado kali. Aliomba aende nyumbani na vile vipande, amwonyeshe bibi.