Kutu ya Mabati ya Baraza Mbali na Bahari

Mkazi wa Mombasa, Lamu au Unguja haulizi kwa nini bati lake limeoza. Humwonyesha mgeni upepo utokao baharini, ukibeba chembe za chumvi na kuzibandika juu ya kila kilichotengenezwa kwa chuma, na maelezo huishia hapo. Mkazi wa Arua hana bahari ya kuilaumu. Mji wake umekaa kwenye uwanda ulio juu kiasi cha mita 1,200, na kutoka hapo hadi pwani ni mwendo wa zaidi ya kilomita elfu moja. Hata hivyo, apitaye katika vitongoji vya Arua, au akaendelea na barabara ya kaskazini hadi Koboko, ataona mabaraza mengi ambayo mabati yake yamekuwa mekundu kama udongo wa njiani, ilhali paa kubwa la nyumba ile ile lingali la kijivu na zima.

Jambo hili lastahili kuchunguzwa, kwani bati si kitu cha mchezo katika West Nile. Watu wengi walioikimbia sehemu hii baina ya mwaka 1979 na 1981, wakaishi Zaire na Sudan, waliporudi walikuta nyumba zao zimebaki kuta au zimekwisha kabisa, wakaanza tena na nyasi. Kuhama kutoka nyasi kwenda bati ni hatua ambayo jamaa nyingi huifikia kwa kuuza mavuno ya misimu kadhaa. Tena paa hilo ndilo kisima: panapokuwa na pipa au tangi chini ya mlizamu, maji ya kunywa ya watoto hupita kwanza juu ya mabati.

Bati la kawaida ni karatasi nyembamba ya chuma iliyovikwa zinki pande zote mbili. Ufundi huu si mgeni. Mfaransa Stanislas Sorel aliupatia hataza mwaka 1837, na mikunjo yenyewe ilikuwa imebuniwa London na Henry Robinson Palmer mwaka 1829. Chuma kitupu kikipata maji na hewa hushika kutu, na kutu ya chuma haina kikomo, kwa sababu hubanduka na kukiacha wazi chuma kilicho chini yake. Zinki ina tabia nyingine. Ikinyeshewa na kukauka, ikinyeshewa na kukauka, hujitengenezea ngozi ya kijivu iliyo ngumu, na ngozi hiyo huilinda. Hata bati likikwaruzwa kidogo, zinki iliyo kando ya jeraha huliwa kwanza badala ya chuma. Kwa hiyo kutu nyekundu haianzi mpaka zinki ya mahali pale iwe imekwisha.

Hapo ndipo hesabu inapoingia. Bati lililopakwa zinki ya gramu 275 kwa kila mita ya mraba, pande zote mbili zikijumlishwa, lina ngozi ya zinki yenye unene wa karibu elfu ishirini za milimita kila upande. Bati la rahisi lenye gramu 100 lina elfu saba tu. Katika hewa safi ya bara, zinki hupungua kwa kiasi cha elfu moja ya milimita kwa mwaka, au chini ya hapo. Karibu na mawimbi hupungua kwa elfu nne hadi nane. Bati lile la rahisi, likiwekwa ufukoni, laweza kuvuliwa nguo yake katika mwaka mmoja au miwili. Arua lingepaswa kustahimili miaka saba na zaidi. Kama halifiki, basi pana kitu katika nyumba kinachofanya kazi ya chumvi.

Kitu hicho kwa kawaida ni moshi. Kuni zinazoungua hutoa, pamoja na joto, mvuke wenye asidi ya namna ile iliyomo katika siki, na asidi hiyo huila zinki. Akina mama wengi wa Arua na Koboko hupikia barazani wakati wa mvua, kwa kuwa jiko la nje halina paa na ndani ya nyumba moshi haukaliki. Moshi hupanda, hugota upande wa chini wa mabati, na masizi hubaki pale. Usiku bati hupoa, umande hujikusanya upande huo huo, na masizi yakilowa huwa kama kitambaa kilichochovywa katika siki na kufungwa juu ya zinki. Upande wa juu husuuzwa na kila mvua. Upande wa chini hausuuzwi na mtu. Hata huko pwani hali ndiyo hiyo hiyo: chumvi iliyo juu ya paa huoshwa na masika, bali ile iliyoingia chini ya baraza lililo wazi hubaki na kuongezeka. Ndiyo maana baraza huoza kwa kuanzia chini, na mwenye nyumba hupata habari tundu likiwa limekwisha kutokea.

Sababu ya pili ni mwinamo. Baraza hujengwa mwishoni, fedha zikiwa zimepungua, na mara nyingi huunganishwa chini ya paa kubwa likiwa karibu tambarare. Maji yasipoteremka kwa haraka hurudi nyuma kwa kufyonzwa baina ya bati na bati pale yanapolaliana, nayo hukaa humo siku nzima bila kukauka. Kwa kila mita moja ya upana, baraza lishuke walau sentimita 18, na pale bati moja linapolalia jingine kwa urefu pasipungue sentimita 15. Majani ya mwembe ulio karibu huleta madhara yale yale ya unyevu, hasa yakirundikana penye kona ya kuungana na ukuta. Kivuli cha mwembe ni kitamu, lakini ni lazima mtu apande na ufagio.

Kisha kuna majivu. Mwanzo wa kiangazi nyasi huchomwa, na majivu meusi huruka na kutua juu ya mapaa. Yakilowa huwa magadi, na magadi nayo huila zinki. Hivyo ile desturi ya kusugua bati kwa majivu ili ling'are kama sufuria ni ya kuachwa. Saruji mbichi inayodondoka fundi anapopiga lipu ukuta ulio juu ya baraza ina ukali wa aina hiyo hiyo, na ifutwe kabla haijakauka.

Pengine bati huwa limeugua kabla ya kununuliwa. Mzigo husafiri siku nyingi juu ya lori, turubai likivuja, na mabati yaliyobanana hunywa maji ambayo hewa haiwezi kuyakausha. Zinki iliyofungiwa na maji namna hiyo haitengenezi ngozi ya kijivu. Hutoa unga mweupe. Muuzaji husema, "Mama, hilo ni vumbi tu, litaondoka na mvua." Si vumbi. Ukiwa mwembamba, waweza kuoshwa kwa maji na brashi ya kawaida, na bati likatumika. Ukiwa umeacha madoa ya kijivu kizito, sehemu kubwa ya zinki imekwenda na mnunuzi adai bati jingine. Yafaa pia kuuliza geji, na kukumbuka kwamba namba ikipanda unene hushuka: geji 28 ina karibu milimita 0.38, geji 30 karibu 0.31, na geji 32 karibu 0.27. Alama ya ubora ya shirika la viwango la Uganda itafutwe juu ya bati lenyewe, isiwe katika maneno ya muuzaji. Yapo pia mabati yaliyovikwa mchanganyiko wa alumini na zinki, ambayo hudumu zaidi mahali pengi, ingawa saruji na majivu huyadhuru vile vile.

Baraza likiwa limekwisha kushika kutu, uchunguzi ufanywe adhuhuri kwa kusimama chini yake na kutazama juu. Nukta za mwanga zikionekana, bati hilo halina rangi itakayolifufua. Pasipoonekana mwanga, ligongwe kwa mpini wa bisibisi: likilia, bado lina chuma, likibonyea, litolewe. Bati lililo zima husuguliwa kwa brashi ya waya mpaka kutu inayobanduka iishe, huoshwa kwa sabuni kuondoa masizi, huachwa likauke barabara, kisha hupakwa rangi ya msingi yenye unga wa zinki au nyingine ya kuzuia kutu, na rangi ya juu mara mbili. Upande wa chini usisahauliwe, kwani ndio wenye ugonjwa. Kazi hii ifanywe baina ya Desemba na Februari, asubuhi umande ukishakauka na kabla bati halijawa moto wa kuunguza.

Penye zinki ambayo bado ni nzima pana mtego. Rangi za mafuta zikipakwa moja kwa moja juu ya zinki hugeuka polepole kuwa kama sabuni na kubanduka kwa vipande. Hapo hutakiwa rangi ya msingi iliyoandikwa kuwa ni ya mabati ya zinki, au rangi ya maji ya nje.

Jambo ambalo halifai kufanyiwa mzaha ni maji ya kunywa. Wapo wanaopaka oili chafu ya gari ili kuokoa fedha. Mvua ya kwanza huiteremsha ndani ya pipa. Wapo wanaonunua rangi nyekundu ya zamani yenye madini ya risasi. Shirika la Afya Duniani limekwisha kueleza kwamba hakuna kiasi cha risasi kinachojulikana kuwa salama, na wanaoumizwa zaidi ni watoto, ambao huathirika ubongo. Ikiwa maji ya paa hunywewa, muuzaji aonyeshe maandishi kwenye kopo kwamba rangi haina risasi, bomba la tangi liondolewe kabla brashi haijaanza kusugua, na maji ya mvua za mwanzo yamwagwe.

Apandaye asimame juu ya misumari, kwa kuwa hapo ndipo papi zilipo chini yake, au aweke ubao. Msumari uliolegea usipigwe tena katika tundu lile lile. Uondolewe, na pahali pake patiwe skrubu nene yenye mpira, juu ya mgongo wa mkunjo na wala si bondeni. Chembe za chuma zinazorushwa na msumeno zifagiliwe siku hiyo hiyo, maana kila moja huacha doa jekundu. Na mtu akichomwa na msumari aende zahanati kwa chanjo ya pepopunda, si kwa sababu ya kutu, bali kwa sababu vijidudu vyake hukaa katika udongo.

Jiko lenyewe husogezwa. Mafiga matatu yakihamishiwa mita mbili nje ya ukingo wa baraza, chini ya kibanda kidogo cha nyasi kilicho wazi pande zote, moshi hupata njia yake. Mabati ya zamani yaliyotolewa barazani hayafai tena kukinga maji, lakini yatatosha kufunika kuni zisilowe.